Kupanda boti ukitumia kiti cha magurudumu: Kazinga, Murchison, Jinja na Visiwa vya Ssese

Matembezi ya boti katika Mfereji wa Kazinga huchukua kama saa mbili, na kwa saa hizo mbili anayetumia kiti cha magurudumu yuko sawa na abiria wenzake. Wote wameketi, boti ndiyo inayotembea, viboko na nyati wanakuja wenyewe mbele ya macho. Hakuna utalii mwingine Uganda unaomfaa hivi mtu asiyeweza kutembea. Kufuata sokwe kunataka miguu, kupanda Rwenzori kunataka miguu, boti inataka makalio tu. Shida iko kwenye hatua moja: ile kati ya gati na boti. Hapo ndipo watu hubebwa kama magunia, huteguka bega, au huambiwa wabaki garini. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu hatua hiyo.

Uliza kabla ya kulipa

Usiulize, "Mnapokea watu wenye ulemavu?" Utajibiwa, "Karibu sana, hakuna shida." Anayejibu hadanganyi. Anamaanisha wapo vijana wenye nguvu wa kukubeba. Uliza vitu vinavyopimika, na omba picha. Ujumbe wa namna hii kwenye WhatsApp unatosha:

"Habari za kazi. Nakuja na mama yangu Jumamosi. Anatumia kiti cha magurudumu chenye upana wa sentimita 64 na hawezi kupanda hata kidato kimoja. Naomba picha nne: njia ya kushuka hadi gatini, boti ikiwa imefungwa gatini, mlango wa kuingilia, na viti vya chini. Tafadhali mtu asimame ndani ya kila picha."

Mtu ndani ya picha ndiye rula yako. Ukingo wa boti ukimfikia gotini, hiyo ni karibu nusu mita. Ukimfikia kiunoni, jua kwamba hapo hakuna ubao utakaosaidia, ni kunyanyuliwa tu. Angalia pia kama kuna nafasi ya maji kati ya gati na boti, kama ukuta wa boti ni wa mabomba ya kuonea au ni bati tupu lililoziba, na kama viti viko juu ya ngazi.

Picha iwe ya wiki hii. Maji ya maziwa yetu hupanda na kushuka, na gati halifuati. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda kupita kiwango cha juu kilichowahi kupimwa kabla ya hapo, na magati na mialo mingi ikafunikwa. Picha nzuri ya miaka miwili iliyopita inaweza kukuonyesha gati ambalo leo liko chini ya maji, au boti iliyokaa sawa na gati ambayo sasa iko chini kwa sentimita 60.

Kabla ya kutuma ujumbe, pima kiti chako mwenyewe. Upana upimwe nje ya zile pete za kusukumia, si kwenye kitambaa cha kukalia, kisha uongeze sentimita 5 za vidole. Kiti kikiwa na pete zilizotoka nje, mlango wa sentimita 65 hautakitosha hata kama muuzaji alikuambia kiti ni cha sentimita 45, kwa sababu hiyo 45 ni ya makalio tu. Kiti cha umeme kiache hotelini. Chenyewe, bila mtu, mara nyingi kinapita kilo 50, na vingine vinakaribia 100 au zaidi. Hakuna mahali pazuri pa kukishika, na ubao wa kupandia haukutengenezwa kwa uzito huo. Azima au kodi kiti cha kukunja cha kusukuma kwa mkono, chenye kilo 15 hadi 20.

Maji gani yanakufaa

Kazinga ndiyo ya kuanzia. Mfereji huu wa asili, wenye urefu wa kilomita 32 hivi, unaunganisha Ziwa George na Ziwa Edward, na maji yake yametulia. Boti za Mweya, ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, ni pana, na nyingi zina nafasi ya kiti kukaa bila kuziba njia. Kwa kuwa rasi ya Mweya iko juu na maji yako chini, omba kibali gari likushushe hadi karibu kabisa na gati. Usikubali kusukumwa kwenye mteremko ule na mtu mmoja aliyevaa kandambili. Omba safari ya alasiri ukitaka kuona tembo wakija kunywa. Ukiwa na mgonjwa asiyevumilia joto, chukua ya asubuhi.

Murchison ni safari ndefu zaidi. Kutoka gati la Paraa kupanda Mto Nile hadi karibu na Maporomoko ya Murchison ni kama kilomita 17, na kwenda na kurudi ni kama saa tatu. Boti ikipanda mto inaelekea mashariki, kwa hiyo kushoto kwako ni ukingo wa kaskazini wenye mbuga ya wazi. Dai nafasi ya kushoto tangu mwanzo, kwa maana ukishafungiwa kiti chako hutahama. Boti za ghorofa mbili zipo. Wewe ni wa chini, na wauzaji wakikusifia kuona kutoka juu, waulize ngazi ina upana gani. Boti haifiki chini ya maporomoko yenyewe, inasimama mbali kidogo kwa sababu ya nguvu ya maji. Hapo baadhi ya abiria hushuka na kiongozi wao kupanda kwa miguu hadi juu. Patana mapema kwamba mfanyakazi mmoja zaidi ya nahodha atabaki botini nawe. Kuyaona maporomoko kwa karibu, pale Nile inapobanwa kwenye ufa wa mita 7 hivi, nenda kwa gari siku nyingine. Gari linafika hadi maegesho ya juu, ingawa kutoka hapo kuna njia fupi yenye mawe na ngazi.

Ile safari nyingine ya Paraa, ya kushuka hadi delta ya Ziwa Albert, ni ndefu zaidi, na kwa mtu asiyehisi makalio yake, anayeweza kupata vidonda vya kukaa bila kujua, ni ya kufikiriwa mara mbili.

Jinja iko karibu, kilomita 80 hivi kutoka Kampala, na wanaotoka Kenya kupitia Busia au Malaba huifikia kabla ya jiji. Lakini kingo za Nile hapo ni za mwinuko, na boti nyingi ni za mbao, nyembamba, zenye injini ya nyuma. Boti ya namna hiyo hulala upande mtu mmoja akisimama. Humo usikae juu ya kiti cha magurudumu hata kidogo. Hamia kwenye benchi la katikati, kiti kikunjwe na kulazwa sakafuni.

Kwa Visiwa vya Ssese, vilivyo Ziwa Victoria, usipande mtumbwi wa mwaloni. Katika mialo kadhaa kazi ya kupandisha abiria hufanywa na vijana wanaowabeba mgongoni majini hadi kwenye boti. Mtu mwenye mikono imara anaweza kushikilia shingo ya mbebaji. Aliyepooza kiwiliwili hawezi, atateleza kinyumenyume. Njia yako ni kivuko cha magari cha Bukakata hadi Luku, upande wa Masaka. Hakitozi nauli, na mlango wake ni ule mlango mkubwa wa magari ambao kiti kinapita bila kunyanyuliwa. Gari likiingia kivukoni, breki ya mkono ivutwe, vioo vishushwe, milango isifungwe kwa kufuli, mkanda ufunguliwe. Kama inawezekana toka garini ukae sitahani, kwa sababu gari likiteleza majini, wewe ndiye utakayechelewa kutoka. Ukipendelea meli ya MV Kalangala kutoka Nakiwogo, Entebbe, hadi Lutoboka, jipangie kama saa tatu na nusu majini, na uulize kwanza kama siku hiyo inafanya kazi na kama viti vya abiria viko juu ya ngazi.

Ubao wa kupandia

Boti nyingi zina ubao mwembamba wa kupitia watu, wa sentimita 30 au 40. Huo si wako. Familia au kampuni ya utalii inayosafirisha mara kwa mara watu wenye viti vya magurudumu itengenezewe ubao na fundi seremala. Kazi ni ya siku moja.

Chukua plaiwudi moja ya milimita 18. Bamba zima huwa na mita 2.44 kwa 1.22. Likate liwe na upana wa sentimita 90, urefu uachwe kama ulivyo. Chini yake pigilia mbao tatu za inchi mbili kwa nne, zikisimama kwa upande wao mwembamba: mbili pembeni, moja katikati. Hizo ndizo zinazobeba uzito. Plaiwudi peke yake itapinda katikati, na gurudumu la mbele litaingia kwenye kile kibonde na kukwama. Kila upande weka ukingo wa sentimita 5 kwenda juu ili gurudumu lisitoke nje. Kisha paka rangi, na ikiwa bado mbichi nyunyizia mchanga mkavu uliochekechwa. Mafundi wengi watataka kupigilia vibao vya kukingama kama kwenye ubao wa wajenzi. Wakatalie. Vibao hivyo vinasaidia miguu, lakini vinasimamisha magurudumu madogo ya mbele, na mtu anarushwa kifudifudi. Ubao huu unafika kama kilo 40, kwa hiyo ni wa watu wawili na juu ya paa la gari.

Ni mwinuko gani unaubeba? Kwa majengo kipimo kinachojulikana ni 1 kwa 12, yaani kupanda sentimita 40 kunataka rampu ya karibu mita 5, na hakuna boti itakayoingia na rampu hiyo. Ukiwa na wasaidizi wawili wenye nguvu, 1 kwa 6 inawezekana kwa umbali mfupi. Kwa hiyo ubao wa mita 2.44 unatosha tofauti ya sentimita 40 kati ya gati na boti. Ikizidi hapo, mnyanyueni mtu, msimsukume.

Upande wa boti funga ubao kwa kamba katika matundu mawili. Upande wa gati uache huru. Boti hupumua juu ya maji, na ubao uliofungwa pande zote mbili ama utavunjika ama utang'oa kitu.

Kupanda

Fika dakika 45 kabla. Omba upande wa kwanza boti ikiwa tupu na ushuke wa mwisho ikiwa tupu tena. Si heshima tu. Boti iliyojaa hukaa chini zaidi majini, na ukishuka wakati abiria wengine bado wamo, ubao uliopima asubuhi utakuwa na mteremko mwingine.

Boti ifungwe mbele na nyuma, si kamba moja ya mbele inayoiacha itembeze mkia. Injini izimwe. Ondoa vitu vyote vinavyotoka kwenye kiti: vikanyagio vya miguu, na hasa mkoba ulioning'inia nyuma. Mkoba huo wenye chupa za maji na kamera ndio unaowaangusha watu kichogo kwenye mteremko.

Kwenye ubao sheria ni moja: aliyeshika mipini awe upande wa chini siku zote. Mkipanda, kiti kinakwenda mbele naye anasukuma kutoka nyuma. Mkishuka, kiti kinashuka kinyumenyume naye anatangulia akirudi nyuma. Msaidizi wa pili anashika fremu upande wa pili. Kwa Jinja, neno "mpola mpola", yaani polepole, linaeleweka na kila nahodha, lisemwe kabla ya kuanza, si katikati ya ubao.

Ikibidi kunyanyua, wawe watu wanne. Wawili wa mbele washike bomba la fremu chini ya kiti, pale lilipounganishwa kwa welding. Wasishike kikanyagio, wala mkono wa kiti, kwa sababu hivyo vimetengenezwa vichomoke, na vitachomoka. Wasishike gurudumu maana linazunguka. Wawili wa nyuma washike bomba lenyewe chini ya mipini, kwa sababu ile raba ya mpini huteleza ikilowa na hubaki mkononi kama soksi. Anayehesabu moja, mbili, tatu awe mwenye mwili, au anayemhudumia kila siku. Vijana wa boti wana nguvu na wana nia njema, lakini kila mmoja akinyanyua kwa wakati wake kiti kinalala upande.

Kumhamisha mtu bila kiti ni kazi ya wawili: wa nyuma apitishe mikono chini ya kwapa na ashike viganja vya abiria vilivyokunjwa kifuani, wa mbele abebe chini ya magoti. Aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi asivutwe kwa mkono ule dhaifu. Bega lake halina misuli ya kulishikilia, litateguka, na maumivu yatakaa miezi.

Kwa wazee wenye mkongojo, jambo ni fupi: kupanda, mguu mzima hutangulia, kushuka, mguu mgonjwa hutangulia pamoja na mkongojo. Kuingia botini mara nyingi ni kushuka, na wengi hukosea hapo. Mzee amshike msaidizi begani, asivutwe mkono. Raba ya chini ya mkongojo ikiwa imechakaa na kuwa laini kama sabuni, badilisha kabla ya safari, ni kitu cha bei ndogo, na sitaha ya bati iliyolowa haina msamaha.

Ndani ya boti

Jaketi la kujiokolea huvaliwa gatini, kabla ya ubao. Liwe la povu, lenye kola ya kuinua kichwa na mkanda wa kupita kati ya miguu. Miguu iliyopooza huelea na kubadilisha mlalo wa mwili majini, na jaketi lisilo na mkanda wa chini hupanda hadi masikioni. Hesabu majaketi na hesabu watu. Novemba 2018 boti ya MV Templar ilizama Ziwa Victoria upande wa Mukono ikiwa imejaza kupita kiasi, na zaidi ya watu 30 walifariki. Majaketi yakipungua, shuka, hata kama umeshalipa.

Kiti kifungwe, mtu asifungwe. Kamba mbili, mbele na nyuma, zipite kwenye fremu na kwenye mguu wa benchi, kwa sababu breki za kiti hubana tairi tu na kiti kizima huteleza kwenye bati lililolowa. Lakini mkanda wa kiti ufunguliwe mara tu boti inapoondoka. Mtu aliyefungwa kwenye kiti kilichofungwa kwenye boti hana wa kumwokoa ikipinduka. Hili lifahamike hata kwa mama mwenye mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye bila mkanda hukaa kwa shida: amhamishie mapajani au kwenye benchi, katikati ya watu wazima wawili.

Keti karibu na mstari wa katikati, nyuma kidogo ya nusu ya boti, ambako mrusho ni mdogo. Macho ya aliyeketi huwa kama mita 1.2 kutoka sakafuni, na bomba la ukingo mara nyingi hukaa hapo hapo. Mto wa sentimita 8 unaweza kukufanya uone juu yake. Asiyehisi makalio ajiinue kwa mikono, au asogezwe, kila dakika 20, na asikalie ubao mtupu wa benchi hata kwa muda wa kupiga picha. Mikono ya chuma ya kiti hupata moto juani na inaunguza ngozi isiyohisi, ifunikwe na kitenge. Murchison kuna mbung'o, nao hufuata rangi ya buluu na nyeusi, kwa hiyo kitenge kiwe cha rangi ya khaki.

Choo botini usikitegemee, na kama kipo mlango wake hautapitisha kiti. Tumia choo cha nchi kavu kabla ya kupanda, mfuko wa mkojo umwagwe hapo hapo. Usikubali kuacha kunywa maji ili kuepuka choo. Katika joto la Paraa hilo huleta kizunguzungu, na kwa mwenye mpira wa mkojo huongeza hatari ya maambukizi.

Ukiombwa nauli mbili kwa sababu ya kiti, au ukikataliwa bila sababu ya usalama, itaje kwa utulivu Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020, ambayo inakataza kumbagua mtu katika huduma kwa sababu ya ulemavu wake. Kulipa wabebaji zawadi ni hiari yako, na inafaa kuwapa. Ila iwe baada ya kushuka, wote wanne, kwa usawa.

Barabara na boti zisiwe siku moja. Kampala hadi Paraa ni zaidi ya kilomita 300, hadi Mweya ni zaidi ya 400, na makalio yaliyokaa garini tangu alfajiri hayana saa tatu nyingine za benchi. Lala karibu na hifadhi, panda boti kesho yake. Jioni mkirudi chumbani, mkague mtu kwa tochi: mfupa wa mkia, nyonga, visigino. Ngozi nyekundu inayofifia ndani ya nusu saa ni ya kawaida. Ikibaki na rangi hiyo hiyo, au kwenye ngozi nyeusi ikiwa na joto na ugumu kuliko sehemu za jirani, kesho ni siku ya kulala kifudifudi, na safari ya gari isubiri.